Pakanga Mbili Chini ya Dirisha

Santa Aol alipoukuta mche wa pakanga wa wakwe umekauka, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutabasamu. La pili lilikuwa kutubu, kwa sauti, palepale bustanini, ndoo ya maji ikiwa bado mkononi.

"Bwana, umeniona," alisema. "Sina haja ya kujificha. Lakini nieleze basi, mbona nafurahi?"

Hakuwa mwanamke wa kunong'ona mbele za Mungu. Mumewe, sajini wa polisi, alikuwa amezikwa Kitgum miaka mingi iliyopita, na tangu hapo Santa alizungumza na Mungu kama mtu anavyozungumza na jirani wa nyumba ya bati: ukuta ni mwembamba, kelele za nini, na siri za nini. Alikuwa mpishi wa kantini ya kambi ya polisi, mnene wa mikono, mwepesi wa kucheka, na ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama Jumatano. Kambini walimwita Mama Anena, kwa jina la bintiye, na walisema akiombea mvua, anua nguo kwanza.

Pakanga ile ilikuwa imesimama chini ya dirisha la kanisa dogo la kambi, ndefu kumpita Santa kichwa, lakini sasa ilikuwa rangi ya majani makavu ya mahindi. Aligusa tawi moja likavunjika kwa mlio mdogo. Pembeni yake, ikimfikia magotini tu, ilisimama pakanga yake yeye, ya kijivu, imejaa majani, imetulia kama askari wa zamu aliyekula akashiba.

Huo mpango wa pakanga mbili ulikuwa desturi ya kanisa hilo na sijui kama uko mahali pengine. Kijana na binti wakikubaliwa na wazazi, kila mama huleta mche mmoja. Miche hupandwa bega kwa bega chini ya dirisha, na siku hiyo wachumba hutafuna jani moja moja, chungu kama shubiri, mbele ya watu. Asiyekunja uso hupigiwa makofi. Ndoa ina uchungu wake, afadhali waanze kuuzoea mapema. Hilo ndilo lilikuwa somo, na lilikuwa somo zuri.

Lakini watu ni watu. Somo likaota mkia. Ikaanza kusemwa kwamba mche ukifa kabla ya harusi, Mungu amekataa. Hakuna aliyelihubiri jambo hilo. Lilijulikana tu, kama inavyojulikana kambini ni mlango gani haugongwi mwenye nyumba akitoka zamu ya usiku. Wala halikuwa limemdhuru mtu, kwa sababu hakuna mche uliowahi kufa. Miche yote ya miaka yote ilikatwa kwenye kichaka kimoja, cha kijivu, ambacho mke wa koplo mmoja alikileta zamani kutoka milima ya Kapchorwa. Mbuzi walikionja wakakitema. Gari la doria lilikikanyaga kikachipua upya. Kukata tawi la kichaka kile na kulipanda kulikuwa kama kumhamisha afande kituo: unamtoa hapa, unamweka pale, anaendelea.

Mwaka huu ndipo walipokuja wakwe kutoka nje ya kambi, na walikuja na mche wao.

Binti wa Santa, Anena, alikuwa akisomea ukunga katika hospitali ya Mulago. Mchumba wake, Travis Ochola, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja cha maji ya matunda, Mkenya, kijana mpole mwenye mikono safi kuliko mafundi wengi. Mama yake, Nabwire, alikuwa mtu wa Busia aliyehamia Bugolobi akafungua duka la sufuria na thermosi. Ujumbe aliopelekewa ulikuwa mfupi: lete mche wa pakanga. Basi akaleta. Aliuleta kwenye dumu lililokatwa mdomo, mche wa kijani kibichi, majani membamba kama ya karoti, harufu yake tamu ikafika mlangoni kabla yake.

Aliuona mche wa Santa akasimama.

"Mama Anena," alisema, "hiki ni mche au ni ndevu za mzee?"

Kanisa zima lilicheka. Santa naye alicheka, lakini aliacha kabla ya wengine.

Tangu siku hiyo pakanga ya Nabwire ilikua kana kwamba imetumwa. Mvua ilinyesha, ikapanda. Jua likawaka, ikapanda. Wanawake walichuma vijani vyake wakavitia kwenye masanduku ya nguo. Kila Jumapili mtu hakukosa kusema, "Kumbe ukoo wa mume una baraka!" Na Santa, aliyekuwa na jukumu la kumwagilia, alizimwagilia ndefu na fupi sawasawa, meno yameumana. Kisha ile ndefu ikatoa maua madogo ya manjano, madogo kama punje za ulezi. Kisha rangi ikaanza kuondoka kutoka chini kwenda juu. Santa akaongeza maji. Haikusikia.

Na sasa hii hapa, imekufa. Ya kwake i hai.

"Basi nimetubu," alimwambia Mungu, akaweka ndoo chini. "Lakini ungeniangalizia moyo. Bado unatabasamu."

*

Tabasamu lilikwisha siku ile ile jioni, alipoingia Waya Abwola.

Waya ni shangazi kwa Kiacholi, na Abwola alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Baba wa binti akiwa hayupo, neno la waya ndilo neno la baba. Alikuwa amesafiri kutoka Kitgum na gunia la simsim la harusi, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kufukuza kunguru shambani. Tangazo la ndoa lilikuwa lisomwe kanisani Jumapili inayofuata. Kabla hata ya kunywa maji alitaka kuona miche.

Alisimama mbele ya dirisha muda mrefu. Mzee Ocaya, mzee wa kanisa, sajini mstaafu ambaye bado alisimama wima kana kwamba kuna ukaguzi, alisimama nyuma yake. Anena alikuwa ametoka Mulago na sare yake ya mafunzo bado mwilini.

"Yenu hii?" Waya aliuliza, akionyesha ya kijivu.

"Yetu," alisema Santa.

"Na ile fimbo?"

"Ya wakwe," alisema Mzee Ocaya.

"Santa, mke wa kaka yangu," alisema Waya, na sauti yake ikalainika, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. "Umeomba vizuri. Mche wako umesimama. Wa wale umekufa umesimama wima, kama mtu aliyepigwa radi. Mungu akitaka kusema waziwazi zaidi ya hapo, itabidi apige simu. Ocaya, tangazo lisisomwe."

"Mimi nasoma ninachopewa," alisema Ocaya. "Nisipopewa, sisomi."

"Hupewi."

Anena hakulia. Alimtazama mama yake tu, kama anavyotazamwa mtu mwenye ufunguo.

"Mama, wewe unaamini hivyo?"

Hapo ndipo Santa alipogundua kwamba ushindi una ladha, na ladha yake ni tamu. Miezi mingapi amemeza kejeli za ndevu za mzee? Sasa waya wa ukoo, ambaye hakuwahi kumsifu hata kwa mchuzi, anamwambia umeomba vizuri. Alihitaji kunyamaza tu.

"Nitaomba," alisema.

"Mulago naona watoto wakizaliwa kila siku," alisema Anena. "Sijaona mkunga akitoka nje kwanza kuuliza kichaka."

"Mdomo!" alisema Waya.

"Waya, nisamehe. Lakini kweli sijaona."

*

Santa aliomba kama alivyoahidi, na alipomaliza hakusikia sauti wala kuona ndoto. Alichopata kilikuwa kitu cha kawaida zaidi, nacho ni aibu ya kazi isiyokamilika. Alikuwa amemwagilia mmea miezi hiyo yote na hakuwahi kuutazama vizuri. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mpinzani, yaani urefu wake tu.

Asubuhi alirudi chini ya dirisha na kisu cha jikoni. Alichimbua mizizi ya ile iliyokauka akaigeuza mkononi. Hakuna mchwa. Hakuna kuoza. Hakuna mnyoo. Mizizi ilikuwa myembamba na safi, mifupi kwa mti mrefu namna ile, kama ya mahindi. Aliichubua ganda. Ndani pakavu, peupe, kama utambi. Kisha alichubua tawi la chini la mche wake: ngozi ngumu, chini yake kijani, chini ya kijani mti hasa, mti wa kuwashia moto. Akasugua jani la ile ya kijivu, likampiga puani hadi machozi. Akasugua lililokauka la ile ndefu, na hata katika kufa kwake lilinukia tamu, kama kabati la bibi harusi.

Ndugu hawa, alijiambia, ni ndugu kweli. Uchungu wao mmoja. Lakini huyu alijengwa akae, na yule hakujengwa akae. Mbona sikuona?

Aliirudishia mizizi udongo, akakata tawi la kila mmoja, akayatia kikapuni, akaenda Bugolobi.

*

Nabwire alifungua mlango akiwa na mwiko.

"Karibu, mkwe," alisema. Kisha akaangalia kikapu. "Au bado ni mkwe? Travis amenieleza. Amekaa pale kama kuku aliyenyeshewa, chakula hataki. Ingia. Kama umekuja kunirudishia maiti yangu, weka mezani."

Santa aliweka matawi yote mawili mezani, juu ya kitambaa cha maua.

"Sikuja kurudisha. Nimekuja kuuliza. Huu mmea wako umekufa kwa nini?"

Nabwire aliuchukua, akautikisa. Vumbi dogo la kahawia lilimwagika kitambaani. Akalitazama, kisha akamtazama Santa.

"Umekufa? Nani kasema umekufa? Umemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Kazi yake! Umeota, umetoa maua, umetoa mbegu, umeenda zake. Ulitaka ukae ufanye nini, ustaafu na kiinua mgongo? Nyumbani Busia mama yangu alikuwa anapanda kila mvua. Kila mvua, Mama Anena. Hizi hapa mbegu, huzioni? Puliza taratibu, usizipoteze."

Santa aliinama. Kile alichodhani ni vumbi kilikuwa punje, ndogo kuliko kitu chochote alichowahi kukiita mbegu.

"Na hukusema," alisema.

"Na hukuuliza! Mlinitumia ujumbe, lete mche. Nikaleta mche mzuri kuliko yote niliyoijua, wa kunukia, wa kukua haraka, nisije nikaaibika mbele ya maafande. Nani aliniambia mnaupigia ramli? Ningejua mnataka usife, ningewaletea jiwe."

Santa alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwambia. Kambini jambo hilo halisemwi, linajulikana, na Nabwire hakuwa mtu wa kambini.

"Onja huu wangu," alisema badala yake.

Nabwire alivunja jani la kijivu, akalitafuna, na uso wake ukafanya mambo ambayo hakuyaruhusu.

"Yesu wangu! Huu ni uchungu au ni kesi ya shamba?"

Walicheka mpaka Travis akachungulia kutoka chumbani, akaona wanacheka, akarudi ndani bila kuelewa lakini na mabega yamenyooka kidogo.

Nabwire akamimina chai, ya maziwa, ya kawaida. "Mama yangu alitutengenezea ya pakanga kila homa ilipopita njiani," alisema. "Mwanao alinikataza. Alinisimamisha hapa hapa, mtoto yule: 'Mama, pakanga ni ya kabati la nguo, homa ni ya kipimo na dawa ya hospitali.' Nikasema huyu atamweza Travis wangu." Akazungusha kijiko. "Lakini sasa niambie ukweli. Mche wako umeshinda. Shangazi yenu anakusifu. Utasema haya kanisani, au utayanywa pamoja na chai?"

Santa aliweka kikombe chini.

"Nilipoukuta umekauka, nilitabasamu."

Nabwire alimtazama. Nje, lori la kiwandani lilipita likitetemesha vikombe.

"Na mimi nilicheka wako ulipokuwa mfupi," alisema hatimaye. "Kunywa, inapoa. Lakini mimi sipigi magoti mbele ya yule shangazi. Nimesomesha mtoto bila kupiga magoti."

"Hakuna wa kupiga magoti. Njoo tu Jumapili. Vaa viatu vyako vizuri. Na mbegu hizi zifunge kwenye karatasi uje nazo."

*

Jumapili, baraka zilipokwisha kutolewa, Santa alisimama kabla watu hawajatoka.

"Ndugu zangu," alisema, "tangazo moja halikusomwa leo, na kila mtu hapa anajua ni lipi, kwa sababu kambi hii haina kuta. Naomba twende wote nje, chini ya dirisha."

"Santa," alisema Waya Abwola kutoka benchi la mbele, "jambo hilo lilikwisha."

"Waya, kama limekwisha halitaumia likitazamwa."

Wakatoka. Nabwire alikuwa nyuma kabisa, amevaa viatu vyekundu vya kisigino, mkoba mkononi, kidevu juu. Anena na Travis walisimama mbali mbali, kama watu waliokatazwa kusimama karibu. Mzee Ocaya alisimama kati, tangazo limekunjwa mfukoni.

Santa alikata tawi la pakanga yake kwa kisu akampa Waya. "Vunja."

Waya alijaribu. Tawi lilipinda, likachanika, halikuachia.

"Sasa vunja ule mwingine."

Ule mwingine ulikatika kabla haujashikwa vizuri.

"Si nilisema?" alisema Waya. "Mmoja una nguvu, mwingine hauna. Asante kwa kunisaidia."

Watu wakaguna. Mmoja akacheka pembeni. Santa hakutikisika. Alikuwa amewapikia polisi kwa miaka mingi, na mtu aliyewapa polisi wenye njaa habari kwamba nyama imekwisha hatikiswi na mguno.

"Waya, gunia ulilokuja nalo ni la nini?"

"Simsim. Unajua ni simsim."

"Nzuri?"

"Nzuri? Muulize mtu yeyote Kitgum!"

"Ulipovuna, mashina yalikuwa ya kijani?"

"Nani anavuna simsim ya kijani? Ilikuwa imekauka. Inakauka, inafungua midomo, ndipo unaikung'uta."

"Na mwaka huu, yale mashina ya mwaka jana yamechipua?"

"Santa, umerogwa? Simsim haichipui. Unapanda upya."

"Basi ilipokauka ulilia? Ulisema Mungu ameikataa simsim ya Abwola?"

Mtu akaanza kucheka, na mwingine, na Mzee Ocaya mwenyewe akakohoa ndani ya ngumi. Waya hakucheka. Lakini alitazama tena ile fimbo iliyokauka, na safari hii aliitazama kama mkulima.

Alisogea. Akakishika kichwa cha ile fimbo, akakisugua kati ya viganja kama anavyosugua simsim, akafungua mikono. Punje zilibaki kwenye mistari ya kiganja. Akaziinua karibu na jicho.

"Hizi ni mbegu?"

"Ni mbegu," alisema Santa. "Miche yote miwili inaitwa pakanga, na ni ndugu, mtu akiionja hawezi kubisha. Lakini huyu wangu ni wa kukaa. Unamkata, anarudi kwenye shina lake. Yule wa Mama Travis si wa kukaa, ni wa kupandwa. Anakua upesi, ananukia, anatoa mbegu, anaondoka. Hivyo ndivyo Mungu alivyomuumba, na hakufanya kosa. Sisi ndio tuliomdai kitu ambacho hakuahidi. Na wakwe hatukuwaambia hata tunachodai."

"Lakini ishara—" alianza Waya.

"Waya, mimi ndiye ninayeshika maombi ya Jumatano, na mche uliosimama ni wangu. Kama kuna mtu wa kunufaika na ishara hii ni mimi. Nami nasema si ishara. Mungu akitaka kuzungumza nami, nyumba yangu anaijua. Ya bati, ya tatu kutoka bombani. Hana haja ya kuua mche wa mtu ili nisikie."

Mama mmoja akasema "Amina" bila kukusudia, akafunika mdomo.

Waya Abwola alisimama na zile punje kiganjani, na watu wakangoja, kwa maana bila neno lake hakukuwa na neno. Travis alikuwa anatazama chini. Anena alikuwa hatazami chini hata kidogo.

"Simsim," alisema Waya mwishowe, polepole, "ukiiacha ijiangushie mbegu yenyewe, ndege wanakula, maji yanabeba. Kidogo inarudi, au hairudi. Ili irudi lazima awepo mwenye shamba." Aligeuka, na sauti ya kufukuza kunguru ikarudi. "Yuko wapi mwenye hii?"

Watu wakapisha. Nabwire alibaki peke yake na viatu vyake vyekundu.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe ndiye uliyeiita ya kwetu ndevu za mzee?"

Nabwire aliukaza mkoba wake. "Ni mimi huyo huyo."

"Nilisimuliwa nikiwa Kitgum. Nilicheka." Waya hakuwa na dalili ya kucheka. "Sikiliza. Mche wa huku ukishapandwa, mama wa binti anaweza kulala. Mche wa kwenu haumpi mtu usingizi. Mvua ikija na hakuna aliyepanda, hapo ndipo utakuwa umekufa, na hapo nitakuja mimi kutoka Kitgum kuuliza. Utakuja kupanda?"

"Nitakuja."

"Si kumtuma mtu. Si kumtuma Travis. Wewe, kwa mkono wako, kila mvua, hapa chini ya dirisha, karibu na huyu." Alimnyooshea Santa kidole. "Hata siku ambayo hamsemeshani. Hasa siku hiyo."

Nabwire alimtazama Santa. Santa alimtazama Nabwire. Kila mmoja aliona miaka mingi ya mvua ikija, na mwenzake ndani yake.

"Kila mvua?" Nabwire aliuliza.

"Zipo mbili kwa mwaka," alisema Waya. "Ya pili imeshaanza."

Basi Nabwire akavua viatu. Akampa Travis mkoba, akampa Anena viatu, akapiga magoti mwenyewe bila kuombwa, si mbele ya mtu, mbele ya udongo, na akaanza kuung'oa ule mmea mkavu na kulainisha mahali pake kwa vidole. Santa akapiga magoti upande wa pili. Akaomba kimoyomoyo, maneno machache: asante kwa mmoja, asante kwa mwingine, na nisaidie nisihesabu ni upi mrefu.

"Ocaya!" Waya aliita. "Umelala? Soma."

"Ibada imekwisha, mama."

"Watu si hawa hapa? Soma."

Mzee Ocaya alikunjua tangazo, akasimama wima, akaanza kwa sauti ya gwaride: kwamba Travis, mwana wa Ochola, wa Bugolobi, na Anena, binti wa marehemu sajini, wa kambi hii, wanakusudia kufunga ndoa takatifu, na mwenye pingamizi aseme.

Nabwire alikuwa amefungua karatasi na kunyunyiza punje juu ya udongo uliolowa, kwa uangalifu, kama anayetia chumvi chakula cha wageni. Waya Abwola aliona mbegu zimelala wazi juu ya ardhi, na mkulima ndani yake hakuweza kuvumilia. Alinyoosha mguu wake mrefu kuzifukia.

"Usifukie!" Nabwire alifoka, kisha akakumbuka anafokea nani, lakini hakurudi nyuma. "Hizi si simsim, shangazi. Zinataka mwanga. Ukizifunika hazioti."

Ocaya alishusha karatasi. Kambi nzima ikageuka. Hakuna aliyewahi kumwambia Waya Abwola mahali pa kuweka mguu.

Waya alimtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, mikono yake imejaa tope hadi vifundo, macho hayajashuka.

"Hazifunikwi kabisa?" aliuliza.

"Kabisa. Zinalazwa tu juu, na maji ya kunyunyiza kidogo kidogo."

"Hm," alisema Waya Abwola, akauondoa mguu.